Gaju wa Depo ya Jibini

Siku Habineza alipomwona Valentin kwa mara ya kwanza, Valentin alikuwa amesimama kando ya sahani yake, mikono ameiinua juu kama pembe, analia kama ng'ombe. Alilia vizuri. Alianzia chini tumboni, akapandisha, akamalizia kwa ule mtetemo wa ng'ombe anayemwita ndama wake. Watu wa depo walikuwa wamemzunguka, sahani mapajani, wanacheka huku wakijifuta machozi. Na Valentin, alipomaliza kulia, akacheka kuwashinda wote.

Habineza alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Hakuna aliyemwona, na hilo halikumshangaza. Alikuwa mtu wa haya tangu utoto. Sokoni alikuwa akingoja muuzaji amwulize anachotaka, na muuzaji asipouliza alirudi nyumbani mikono mitupu. Shule aliifuata mpaka mwisho wa ile ya msingi, kisha baba yake akamkabidhi fimbo na ng'ombe, na kwa ng'ombe haya hazikumdhuru. Ng'ombe hawamcheki mtu.

Kule Masisi, milimani, walimwita Habineza wa Munyakazi. Jina hilo lilitosha. Angeweza kulitaja kwenye boma asilolijua, ng'ambo ya milima miwili, wakamwambia aketi na wakamletea maziwa. Kisha vita vikamshusha, yeye na mkewe Umugwaneza na binti yao Patricia, mpaka Munigi, kando ya mji wa Goma, katika nyumba ya mbao iliyokaa juu ya mawe meusi ya volkano. Huko chini jina lake lilikwisha kama chumvi kwenye mvua. Alikuwa "wewe wa Masisi". Alikuwa "yule muzee wa nyumba ya mwisho". Alitaka kazi, kwa sababu watoto hawali majina, lakini ndani ya kazi alitaka kitu kingine, na hicho alimwambia mkewe peke yake, akiwa amegeukia ukuta: alitaka mahali ambapo mtu angemwita Habineza.

Mwezi huo Mungu alimfungulia milango miwili kwa pamoja. Depo ya jibini mjini Goma ilitafuta mtu wa kugeuza jibini kwenye rafu na kuzifuta kwa maji ya chumvi. Na pale Munigi, fundi mmoja aitwaye Ushindi, aliyechonga chukudu, vile vyombo vya mbao vya magurudumu mawili vinavyobeba viazi na makaa mjini kote, alitafuta mtu wa kulainisha mbao. Malipo yalikaribiana. Ilibaki kuchagua nyumba.

Kuchagua nyumba Habineza alikujua. Milimani, mtu hamkabidhi mwenzake ng'ombe wa kumlishia kwa sababu ya maneno matamu tu. Anakwenda kwake kama mgeni, hasemi kilichomleta, anakaa kuanzia asubuhi mpaka ng'ombe wakamwe, na macho yake yanafanya kazi. Hatazami fahali. Fahali hupendeza kila mahali. Anamtazama ndama aliyefiwa na mama, aone nani anamnywesha na kwa mkono gani. Baba yake alimfundisha hivyo, na hakuna ng'ombe wa Munyakazi aliyewahi kufa akiwa kwa mtu aliyekabidhiwa.

Basi alianza kwa Ushindi. Alimkuta amepiga magoti juu ya gogo, shoka mkononi. Ushindi alimtazama.

"Unaitwa nani, muzee?"

"Habineza."

"Wa nani?"

"Wa Munyakazi."

Ushindi akaitikia kwa kichwa, akamwonyesha mahali pa kukaa, na hakufungua tena kinywa. Wafanyakazi wake wawili nao walikuwa vilevile. Shoka lililia, randa ililia, watu hawakulia wala kucheka. Mchana waliletewa maharage, wakamjazia na yeye bakuli, wakala kila mtu akitazama lake. Mmoja alipojikata kidole, mwenzake alimfunga kitambaa bila hata kumwambia pole. Jioni Ushindi alisema, "Kwaheri, Papa Habineza. Ukitaka, njoo juma lijalo. Usipotaka, unijulishe, kwa sababu mutu mwingine anangoja."

Habineza alirudi nyumbani moyo mzito. Alimwambia mkewe kwamba pale palikuwa kama kilioni. Nyumba isiyo na utani, alisema, ni nyumba yenye maiti ndani.

Ndiyo maana, alipofika depo na kumwona mtu mzima ameinua mikono kama pembe, moyo wake uliruka. Kwao wanaume huinua mikono hivyo sikukuu, wanapoimba sifa za ng'ombe. Kwao mtu akitaka kumsifu mchumba wake humwambia ana macho ya ndama. Naye hapa, katikati ya Goma, penye vumbi la pikipiki na kelele za jenereta, amewakuta watu wanaomsifu mwenzao kwa jina la ng'ombe.

"Bihogo! Bihogo wetu!" walikuwa wakiita. Na Bihogo ni ng'ombe wa rangi nyekundu iliyokoza, rangi ambayo mfugaji hageuzi shingo akaiacha.

Mwenye depo alimwona hatimaye. Aliitwa Mama Donatille, mwanamke mnene mwenye sauti laini, kitenge kipya, miguu juu ya kreti. "Karibu, wewe wa Masisi," alisema. "Wamenieleza habari zako. Hapa sisi ni familia. Hapa hakuna patron, hakuna mufanyakazi. Kaa na sisi siku chache, utuone, tukuone. Honoré, mupatie sahani."

Honoré alikuwa dereva wa depo, kijana mwenye meno mazuri, na aliyaonyesha sana. Alimpa sahani. Habineza akakaa pembeni, macho yakaanza kazi.

Akaona kwamba chakula kinapogawanywa, sahani ya Valentin inajazwa kuliko zote. Akaona kwamba kabla Valentin hajatia mkono, kila mmoja anapita na kumega: huyu sambaza, vile visamaki vya ziwani, huyu tonge la bugali, huyu kipande cha nyama kama ipo. "Tumukame!" wanasema. "Bihogo ana maziwa leo!" Halafu Valentin analia kama ng'ombe, ndipo anaruhusiwa kula kilichobaki. Habineza alipima yote hayo kwa kipimo cha baba yake. Watu wanaoingiza mikono katika sahani moja, aliwaza, ni ndugu. Aliona walichomega. Kilichobaki hakukiangalia vizuri.

Siku zilizofuata alifanya kazi kando ya Valentin kwenye chumba cha rafu, wakizigeuza jibini moja moja. Valentin alikuwa mtu wa umri wake, mfupi, mwenye kovu chini ya kidevu, na aliuliza maswali kwa upole wa mtu anayemwosha mtoto.

"Ndugu yangu, huko kwenu ulikuwa na ng'ombe?"

"Nilikuwa nao."

"Wengi?"

"Waliisha. Alibaki mmoja."

"Ikawa nini?"

Habineza hakuwa amemweleza mtu yeyote. Lakini chumba kilikuwa na baridi na harufu ya maziwa, na mtu huyu alimtazama kana kwamba ana siku nzima. Akamweleza jinsi wenye bunduki walivyokuja, wakamwamuru amshike yule ng'ombe wa mwisho pembe ili asihangaike wakimchinja, naye akamshika, kwa sababu Patricia alikuwa nyuma ya mlango. Jinsi ng'ombe alivyotulia kabisa, kwa kuwa aliijua mikono iliyomshika.

Valentin aliacha kufuta jibini. "Alikuwa anaitwa nani?"

"Gaju."

"Gaju," Valentin akarudia taratibu, kama mtu anayeonja. "Jina zuri."

Jumamosi Habineza alimwambia mkewe kwamba amechagua. Umugwaneza alikuwa akiosha vyombo, hakuinua kichwa.

"Huyo anayelia kama ng'ombe, Papa Patricia. Wakisha cheka, nani ananyamaza wa kwanza?"

"Sikutazama."

"Nenda utazame. Mutu anayechekwa na kupenda, ananyamaza pamoja na wengine. Mutu anayechekwa na kuumia, anacheka peke yake wakati wenziwe wamekwisha nyamaza. Anaogopa kimya."

Neno hilo lilimwingia. Jumatatu alikwenda depo mapema akiwa amekusudia kutazama, lakini siku hiyo Mama Donatille alikuwa safarini Bunagana na hapakuwa na mchezo wa chakula. Kila mtu alikula alipokaa. Ushindi alikuwa anangoja jibu. Basi Habineza, ambaye hakuwahi kumwuliza mtu mzima swali la namna hiyo, alikusanya nguvu zake zote, akamfuata Valentin kwenye rafu.

"Papa Valentin. Hapa... wewe unapapenda?"

Valentin alitazama mlango. Kisha akatabasamu, akamwekea mkono begani.

"Ndugu yangu, nimekaa hapa miaka yote hii. Mutu anakaa mahali wasipomupenda?"

Habineza alilichukua swali hilo akadhani ni jibu. Jioni hiyohiyo alipita kwa Ushindi, akamshukuru, akamwambia ampe kazi yule mwingine. Ushindi akasema, "Sawa, Papa Habineza," akarudia shoka lake.

Siku aliyokubaliwa, depo nzima ilimpigia makofi. Mchana waligawa chakula. Habineza alipewa sahani, na akaona imejaa kuliko zote. Akageuka kumtazama Valentin. Sahani ya Valentin ilikuwa kama za wengine.

"Ng'ombe mupya ameingia zizini!" alisema Mama Donatille, akipiga kiganja juu ya kreti. "Aliyeingia wa mwisho ndiye anatunyonyesha. Ni desturi ya nyumba. Honoré naye alikuwa ng'ombe, si kweli?"

"Kabisa, Mama! Nilikuwa na maziwa mingi!"

"Bihogo, wewe ndiye unatoka. Mupatie jina."

Valentin alisimama. Alikuwa amebadilika uso, kama mtu aliyetuliwa gunia shingoni. Alimjia Habineza, akamzunguka, akampapasa mgongo kama mnunuzi mnadani.

"Huyu," alisema, "ni Gaju."

Kisha mkono wake ukawa wa kwanza kuingia sahanini, ukachukua kile kipande kikubwa cha nyama.

Wakacheka. Habineza alitaka kusema kitu, haya zikamzuia. Mikono ikaingia, ikatoka, ikaingia. Wakamngoja alie. Alipochelewa, Valentin aliinama karibu na sikio lake. "Lia, ndugu yangu. Gaju wako hakulia? Ama niwaeleze alivyotulia siku ile?" Na Habineza akafungua kinywa akalia. Sauti ilitoka nyembamba, mbaya, na wote wakacheka, na walipokwisha kunyamaza alijisikia mwenyewe bado anacheka, peke yake.

Tangu siku hiyo alikuwa Gaju. Alikuwa Gaju rafuni na mlangoni, Gaju siku ya mshahara, mbele ya wateja wa mahoteli waliokuja kununua jibini nzima nzima. Akivunja kitu, Gaju amepiga teke. Akiumwa, Gaju ana kupe. Siku hazikufanana: nyingine walimmegea kidogo wakamsahau, nyingine walimwachia mchuzi tu. Lakini hakuna aliyekuwa mkali kama Valentin. Honoré alicheka akaenda zake. Mama Donatille alicheka kwa sababu tumbo lake lilipenda kucheka. Valentin alitunga mizaha mipya. Ni yeye aliyemfunga kamba shingoni siku ya mwaka mpya. Ni yeye aliyewaambia siri ya pembe, ile ya Masisi, na siku hiyo Honoré aliitwa ashike kichwa cha Habineza kwa mikono miwili, watu wote wakitazama kama kweli atatulia.

Alitulia. Angefanya nini? Kwa Ushindi nafasi ilikuwa imejaa, na Patricia alikuwa ameanza shule.

Umugwaneza hakumwuliza kitu. Aliona mume wake anarudi na njaa kutoka kazi yenye chakula, akampikia tena. Lakini siku moja Honoré alipita Munigi na gari la depo, akampigia Habineza honi mbele ya nyumba yake, akaita kwa sauti ya mchungaji, "Gaju! Gaju-gaju-gaju!" Watoto wa jirani walikuwa wanasikia. Kesho yake Patricia alirudi kutoka bombani na ndoo nusu.

"Mama, wanasema mimi ni ndama. Papa anaitwa Gaju?"

Umugwaneza alitazama mlangoni, alikokuwa amekaa mumewe. Alimngoja aseme. Habineza alitazama mikono yake. Basi mama mtu akamtwika mtoto ndoo tena, akamwambia arudi akaijaze.

Ikaja miezi ambayo barabara za milimani hazikupitika, maziwa yakapungua, na rafu za depo zikabaki nusu tupu. Mchana mmoja, chakula kikiwa tayari, Mama Donatille alisema kwa ile sauti laini kwamba depo haiwezi tena kuwalisha wote, mmoja atoke. "Na kwa kuwa sisi ni familia, sipendi kuchagua peke yangu. Semeni nyinyi."

Habineza alijua ni yeye. Alikuwa wa mwisho kuingia. Alishangaa kuona moyo wake unapata nafuu, kama mtu anayesikia mvua baada ya vumbi refu. Angelala njaa akiwa na jina lake.

Valentin alikuwa wa kwanza kusema. "Si inajulikana? Aliyeingia wa mwisho ndiye anatoka wa kwanza. Gaju aende machinjioni!"

Hakuna aliyecheka. Valentin akacheka yeye, kidogo.

"Angalia huyu," alisema Honoré. "Tumuuze ng'ombe, halafu tukame nani? Wewe?"

"Mimi nilikwisha..."

"Ulikwisha, ndiyo. Gaju anatupatia maziwa. Wewe unatupatia nini, Bihogo? Kazi ya rafu Gaju anaiweza peke yake."

Mama Donatille alifikiri, huku akitafuna. "Ni kweli," alisema. "Ng'ombe haiuzwi. Tutamuuza muchungaji." Na hapo kicheko kikaja, kikubwa kuliko vyote, wakapiga sahani, wakasema Mama ana kinywa. Valentin aliwatazama mmoja mmoja. Kisha, polepole, akainua mikono yake kama pembe, akaanza kulia kama Bihogo, ile sauti yake nzuri inayoanzia tumboni. Alilia mara moja, akalia tena. Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wanamega kwenye sahani ya Habineza.

Jioni Habineza alimkuta nje, amekaa juu ya jiwe la lava, kifurushi chake kati ya miguu: viatu vya mpira, aproni, redio isiyo na mfuniko. Habineza angeweza kupita. Lakini Valentin alikuwa mtu mzima, na kwao mtu mzima haachwi abebe mzigo wake mwenyewe siku anayofukuzwa. Alikichukua kifurushi akakiweka begani. Wakatembea pamoja mpaka barabara kuu, pale pikipiki za kwenda Rutshuru zinaposubiri abiria.

Njia nzima Habineza alikuwa akilikusanya neno moja. Kukaa katika depo angekaa, alikwisha kulijua hilo. Watoto hawali majina. Lakini huyu ndiye aliyemwingiza, na huyu ndiye aliyemvua jina, na sasa Valentin hakuwa na sababu tena ya kumwogopa mtu. Kama kuna mmoja anayeweza kumrudishia, hata mara moja, hata njiani tu, ni yeye. Valentin alipanda nyuma ya pikipiki. Habineza akampa kifurushi, akakishikilia kidogo.

"Papa Valentin. Nisamehe, nina neno. Usiende umeniita Gaju. Niage kwa jina langu."

Dereva alikuwa amekwisha washa. Valentin alimtazama kwa ule upole wake wa chumba cha rafu, paji la uso limekunjika kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Mwishoni akavuta kifurushi kutoka mikononi mwake.

"Jina lako?" alisema. "Ndugu yangu, mimi nilikuuliza jina la ng'ombe wako. Lako sikukuuliza."